Machicha ya Bia: Bei ya Langoni na Bei ya Horini

Mfugaji wa Machame au Marangu anayefugia ng'ombe wake bandani humwuliza mwuza machicha swali moja: kilo shilingi ngapi? Swali hilo ndilo linalomtia hasara. Machicha yanayotoka kwenye viwanda vya bia vya Moshi na Arusha ni maganda na protini ya nafaka iliyokwisha kuchujwa sukari yake, na huondoka kiwandani yakichuruzika. Katika kila kilo 100, maada kavu, yaani kile ambacho kingebaki maji yote yakiisha, ni kilo 20 hadi 25. Kwa hiyo lori la tani 10 linalopanda mlimani limebeba tani mbili na ushei za chakula. Zinazobaki ni maji, bidhaa ambayo mifereji ya Uchaggani huileta bila kuchoma dizeli.

Njia ya kukadiria thamani halisi ya chakula cha namna hii si ngeni. Mwaka 1932 W. E. Petersen wa Chuo Kikuu cha Minnesota alichapisha kanuni yake: chukua vyakula viwili vyenye bei inayojulikana sokoni, kimoja cha nishati na kingine cha protini, uvitumie kukipigia bei cha tatu. Kwetu, pumba za mahindi na mashudu ya alizeti vinatosha.

Tuseme pumba ni shilingi 600 kwa kilo na mashudu 900. Hizi ni bei za mfano. Kila mtu aweke za soko lake. Vyote viwili vina maada kavu kama asilimia 90. Katika kilo ya maada hiyo, pumba zina megajuli 11.5 hivi za nishati na protini asilimia 10. Mashudu yana megajuli 10 na protini asilimia 28. Ukitatua milinganyo hiyo miwili, megajuli moja inakuja shilingi 39 na kilo ya protini karibu 2,180. Machicha, yenye megajuli 10.5 na protini asilimia 25, yanastahili shilingi 955 kwa kilo ya maada kavu. Yakiwa na ukavu wa asilimia 22, kilo mbichi ina thamani ya shilingi 210, ikiwa imeshafika horini.

Sasa mwuzaji akikutajia 150 langoni mwa kiwanda, zinabaki 60. Kwa lori la kilo 10,000 ni shilingi 600,000 za kulipia mafuta, dereva, wapakizi na faida yako. Ikiharibika sehemu moja tu ya kumi, zinabaki 390,000. Na kama mzigo ulikuwa na ukavu wa asilimia 18 badala ya 22, thamani ya kilo inashuka hadi 172, na lori zima linakuachia 220,000 hata kabla ya kuharibika chochote. Ndiyo maana namwona mfugaji anayebishania shilingi kumi za bei, bila kupima unyevu, kuwa anabishania kisichomsaidia. Kupima ni rahisi: twaa kilo moja, ikaushe kwa moto mdogo hadi uzito ukome kushuka, kisha irudishe kwenye mizani.

Kuharibika nako si jambo la bahati. Katika joto la tambarare machicha huanza kuchacha na kuota ukungu ndani ya siku chache. Yakishindiliwa kwenye pipa au shimo lililofunikwa nailoni, hewa ikatoka yote, hukaa wiki kadhaa. Gharama ya nailoni ni ndogo kuliko hasara niliyoitaja. Ukungu wenyewe haupimwi kwa fedha tu: sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, ikiingia kwa ng'ombe, sehemu yake hutokea kwenye maziwa, na kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 0.5 kwa kilo ya maziwa.

Upande wa kiwanda hesabu ni tofauti kabisa. Kila lita 100 za bia huacha kilo 14 hadi 20 za machicha, wanywaji wapende wasipende, na hakuna kiwanda kitakachopika bia zaidi kwa sababu ng'ombe wa Machame wana njaa. Wafugaji wakiongezeka, mzigo hauongezeki. Inapanda bei tu, na nyongeza hiyo huishia kwa mwenye mkataba wa kuzoa na mwenye lori. Molasi ya kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini, inafuata mkondo huohuo, isipokuwa kwamba molasi ina mshindani mwingine mwenye mfuko mzito, yaani watengeneza spiriti.

Horini, kilo 10 za machicha kwa siku zina nishati ya lita nne na nusu hivi za maziwa na protini ya lita sita. Lita hizo zinapatikana pale tu ambapo majani yameshatosheleza mahitaji ya mwili wa ng'ombe. Asiposhiba matete na mabua, machicha hufidia njaa na ndoo hubaki palepale. Yana fosforasi nyingi na kalisi kidogo, kwa hiyo chokaa ya mifugo ni lazima. Na kiwanda kikisimama kwa matengenezo, bakteria wa tumboni waliozoea machicha huhitaji wiki mbili hivi kuzoea chakula kingine, ndiyo sababu mwenye pipa la akiba huanza kupunguza kidogo kidogo siku anapopata taarifa.