Abing wa Wuxi na Vipande Sita Vilivyosalia

Atajapo zeze la Kichina la nyuzi mbili, yaani erhu, mpenzi wa muziki huo aghalabu hutaja papo hapo kipande kimoja: "Erquan Yingyue", mwezi uakisikao katika Chemchemi ya Pili. Mwenyewe ni Hua Yanjun, maarufu kwa jina la Abing, kipofu aliyekuwa akipiga muziki mitaani mjini Wuxi, katika mkoa wa Jiangsu. Mwaka 1950 wanazuoni Yang Yinliu na Cao Anhe walimwendea na mashine ya kunasa sauti kwa waya, wakarekodi vipande sita: vitatu vya erhu na vitatu vya pipa (jina lisimpotoshe msomaji, ni ala ya nyuzi nne, jamaa ya udi). Walikusudia kurudi kurekodi zaidi. Desemba ya mwaka uo huo Abing akafariki.

Shukrani zao hazina mpaka. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba waliomfuata wamekihifadhi kipande wakaipoteza kazi.

Tusikilize ile rekodi yenyewe. Mahadhi ni mamoja, nayo hurudi na kurudi. Na kila yarudipo yamebadilika, huku yamepandishwa, kule yamerefushwa, pengine yamepambwa kwa mtetemo mdogo wa kidole. Wengi huyaita kilio. Mimi siyasikii hivyo. Nasikia mwendo wa mtu atembeaye, mwenye mkono mzito na roho ngumu, asiyeomba kuhurumiwa. Uzito huo una sababu: Abing alifunga nyuzi nene za hariri, zilizotoa sauti ya chini kuliko erhu ya kawaida. Leo wapigaji hutumia nyuzi za chuma, sauti ikawa nyororo na yenye kung'aa. Wu Zuqiang alipoandalia kipande hiki kundi la fidla na jamaa zake, katika miaka ya 1970, ukali ule ulizidi kulainika, ijapokuwa mpangilio wake ni mzuri kwa namna yake. Naye Seiji Ozawa, kiongozi wa okestra kutoka Japani, alitokwa na machozi mjini Beijing mwaka 1978 alipomsikia mwanafunzi akikipiga kwa erhu peke yake.

Ila Abing hakuwa na "kipande" kwa maana hiyo. Hata jina halikuwapo mpaka wanazuoni walipoliuliza. Alijifunza muziki wa ibada kwa baba yake, kasisi wa Kitao, akauchanganya na nyimbo na mahadhi ya michezo ya jukwaani ya sehemu zile; kisha akapiga kwa kadiri ya njia na wasikilizaji, akirefusha au kufupisha apendavyo. Maandishi ya nota yaliyochapwa mwaka 1952 yaliugeuza upigaji wa siku moja kuwa matini. Sasa mwanafunzi hutahiniwa kwa usahihi wa kuifuata matini hiyo, na akiongeza pambo lake mwenyewe huhesabiwa kuwa amekosea. Abing mwenyewe, nadhani, angeanguka katika mtihani wa Abing.

Sisi wapenzi wa mashairi tuna dai jingine, na kwangu ndilo zito. Abing alikuwa pia mghani. Alikuwa akiimba habari za mji kwa lahaja ya kwao, mbele ya watu wa majumba ya chai, akiwasema wakubwa na, wakati wa vita, Wajapani waliouteka mji. Tungo hizo hazikunaswa. Waya ule ulibeba erhu na pipa, lakini haukubeba neno lake hata moja. Ndiyo maana imekuwa rahisi kwa kila zama kumvisha Abing maana yake: mara mnyonge aliyeonewa, mara msanii mwenye huzuni akiutazama mwezi asiouona.

Yeyote atakaye kuufufua muziki wa Wuxi basi asianzie ukumbini. Aanzie kwa vijana wa mji huo wenye lahaja bado kinywani, awape mahadhi yale na habari za juma hili, kisha awaache watunge.