Requiem ya Mozart: Jinsi Kazi Iliyokatika Ilivyomaliziwa

Wolfgang Amadeus Mozart alifariki Vienna tarehe 5 Desemba 1791, akiwa na miaka 35. Misa ya Wafu aliyoagizwa na kabaila Franz von Walsegg kwa ajili ya marehemu mkewe ilikuwa haijakamilika. Walimu wa kwaya wa Singida wanaotunga misa kwa sauti nne na kinanda wanapaswa kuichunguza, maana inajibu swali linalowahusu: utunzi ukikatika, ni nini kitakachomwezesha mwingine kuuendeleza?

Tazama mpangilio wa karatasi zake. Wimbo wa mwanzo pekee ndio uliokamilika pamoja na ala zote. Kuanzia sehemu ya Dies irae hadi ya Hostias, isipokuwa Lacrimosa iliyokatika mapema, aliandika sauti nne za waimbaji, akaweka besi ya ala chini yake, na tarakimu za kumwongoza mpiga ogani. Fidla aliigusia pale tu ilipobeba wazo jipya. Mistari mingine aliiacha wazi. Maana yake, mwendo wa wimbo ulikwisha kuamuliwa. Kilichobaki katika sehemu hizo ni kujaza ala.

Constanze, mjane wake, alimkabidhi mtunzi Joseph Eybler kazi hiyo. Eybler alijaza ala kwa uangalifu mkubwa hadi Confutatis. Alipofika Lacrimosa akaongeza vipimo 2 vya soprano, kisha akaacha. Namwelewa. Mozart alikuwa ameacha vipimo 8 tu: 2 vya fidla, kisha 6 vya kwaya, ambamo soprano inapanda hatua kwa hatua hadi A ya juu. Baada ya mpando ule, anayefuata lazima aishushe sauti bila kuua uchungu wake.

Mtunzi mwingine, Franz Xaver Süssmayr, alithubutu. Alirudisha wazo la mwanzo wa Lacrimosa, na kwa sikio langu alifanya vyema. Lakini Amina yake ni fupi mno, ya aina ile inayofungia tenzi. Katika miaka ya 1960 ilipatikana Berlin rasimu ya Mozart ya Amina ambayo sauti huingia kwa zamu zikifukuzana, na kiini chake ni wazo kuu la misa lililopinduliwa. Wataalamu wengi wanaamini ilikusudiwa kufunga Lacrimosa.

Mtakatifu, Benedictus na Mwanakondoo, Süssmayr alisema mwaka 1800 kwamba ni vyake. Hapo udhaifu unasikika. Osana ya kwanza iko katika D. Baada ya Benedictus inarudi katika B flati, ingawa desturi ya wakati ule ilikuwa kuirudia kama ilivyoimbwa mwanzo. Uamuzi wake bora ni wa mwisho: kwenye komunyo alirudisha muziki wa Mozart mwenyewe, wa mwanzo na wa Kyrie, kwa maneno mapya.

Nakala aliyokabidhiwa Walsegg ilibeba sahihi ya Mozart yenye mwaka 1792, wakati Mozart alikuwa amekwisha kuzikwa. Wataalamu bado wanabishana ni nota zipi za nani. Mwalimu, andika kwanza sauti nne na besi za misa nzima, ndipo urudi kupamba kinanda. Na ukimalizia kazi ya mwenzako, andika jina lako mahali mkono wako ulipoanzia.