Kitambaa Kilichomharibia Quality Road

Video ya mbio za Santa Anita za Novemba 7, 2009 imeanza kuzunguka tena, kama kawaida yake kila msimu wa Breeders' Cup unapokaribia, na tena mabishano yote ni ya Zenyatta. Zenyatta alishinda, akawa farasi jike wa kwanza kutwaa Classic, na Mike Smith alimpanda kwa utulivu wa kupigiwa mfano. Hayo hayana ubishi. Rudisheni video nyuma, kabla milango haijafunguka, mtazame jinsi farasi Quality Road alivyopelekwa kizimbani. Pale ndipo ulipofanyika uamuzi ninaouona mbaya kuliko wowote katika kazi ya geti: farasi aliyekuwa anakataa kwa hofu alifungwa kitambaa machoni, halafu akalazimishwa kuingia.

Matokeo mnayajua. Alipaparika, akarusha mateke, akajikata, na madaktari wakamwondoa. Farasi dume wa miaka mitatu aliyeshinda Florida Derby mwaka uleule alirudishwa bandani na majeraha bila kukimbia hata hatua moja ya mbio zenye zawadi ya dola milioni 5. Magazeti yakamwita mtukutu. Mimi nasema farasi alieleweka vizuri tangu mwanzo. Waliokosea ni waliokuwa nyuma yake.

Tuanze na kukataa kwenyewe. Kuna farasi anayekataa kwa ukaidi na kuna anayekataa kwa hofu, na mtu wa geti analipwa ili awatofautishe. Mkaidi hukwepa: anapeleka bega kando, anatazama kwingine, na mara nyingi ulimi na taya vimelegea. Mwenye hofu husimama wima. Shingo iko juu, pua zimepanuka, miguu ya mbele imekita ardhini na uzito wote umerudi makalioni, tayari kwa kugeuka au kupiga. Huyu wa pili hajasema "sitaki". Amesema "sijajua kama nitatoka hai mle ndani". Jibu lake ni kupewa nafasi ya kutazama, kurudi nyuma hatua kadhaa, kuzungushwa, kisha kuletwa tena kwa mstari ulionyooka. Quality Road alipozidi kugoma, watu wa geti walishikana mikono nyuma ya makalio yake wakasukuma.

Kila aliyewahi kushika kamba anajua farasi akisukumwa anafanya nini: anasukuma pia. Ni maumbile, wala si tabia mbaya. Mnyama huyu ana uzito wa karibu nusu tani, na mababu zake walinusurika kwa kumkabili kwa nguvu kila aliyewang'ang'ania mwilini. Watu sita hawawezi kushinda mabishano hayo, wanachoweza ni kuyachochea. Lakini ukishayavulia maji nguo huna budi kuyaoga, na hiyo ndiyo hatari ya kuanza kusukuma. Kila jaribio linaloshindikana linadai jaribio kali zaidi, maana uwanja mzima unatazama na hakuna anayetaka kuonekana ameshindwa na mnyama. Ndivyo walivyofika kwenye kitambaa.

Sasa tukae hapa kidogo, kwa sababu ndipo kosa lenyewe lilipo. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu duara lote linalomzunguka, isipokuwa nyuma kabisa ya mkia na kipande kidogo mbele ya paji la uso. Usalama wake wote anaupima kwa macho hayo: nani anakuja, mlango uko wapi, njia ya kukimbilia ni ipi. Ukimfunga kitambaa unamnyang'anya kifaa pekee ambacho kingemwezesha kukubali. Hawezi tena kuona kwamba kizimba kina mlango mbele, kwamba farasi wa jirani wametulia, kwamba chuma hakisogei. Anabaki na ngozi tu. Na ngozi ya farasi huhisi nzi mmoja akitua. Sasa hebu mpeleke gizani, chuma kimguse ubavu wa kushoto, chuma kimguse ubavu wa kulia, na mikono ya watu iko makalioni mahali ambapo simba hushika kwanza. Unategemea afanye nini? Alifanya kile ambacho kingefanywa na farasi yeyote mwenye akili timamu.

Najua utetezi. Waanzishaji mbio wengi watakuambia kitambaa hufanya kazi, na wamekitumia mara nyingi farasi akaingia kama mwanakondoo. Kweli, huwafaa farasi waliozoeshwa kitambaa mazoezini, asubuhi baada ya asubuhi, hadi kikawa kwao ishara ya kusimama na kumsikiliza saisi. Huwafaa pia wale ambao kukataa kwao ni mazoea tu na hakuna hofu ndani yake. Kina kazi nyingine ya heshima: kumtoa farasi katika banda linaloungua, pale ambapo hakuna muda wa kumshawishi. Santa Anita hapakuwa na moto. Palikuwa na ratiba.

Hilo ndilo ninaloliandika kila mwaka, na nitaliandika tena mwakani: saa ya televisheni haina haki ya kusimama nyuma ya geti. Mwanzishaji alikuwa na njia mbili zilizo wazi. Angeweza kumtoa Quality Road pembeni, mbali na kelele, apumue, kisha amrudishe mara moja ya mwisho bila kuguswa makalio. Akikataa tena, amwondoe mbioni akiwa mzima. Zote mbili zingechelewesha matangazo kwa dakika chache. Akachagua njia ya tatu, matangazo yakachelewa vilevile, na farasi akaumia. Hata kwa hesabu za watu wa ratiba, uamuzi ule ulikuwa hasara.

Ushahidi kwamba jeraha kubwa halikuwa la mguuni ulikuja baada ya mbio. Quality Road alipelekwa uwanja wa ndege arudishwe mashariki, akagoma kupanda ndege. Farasi huyohuyo alikuwa amesafiri kutoka New York hadi California kwa ajili ya Classic. Ilibidi arudishwe kwa barabara, Marekani nzima kutoka pwani hadi pwani. Alichojifunza kizimbani kilikuwa rahisi na cha jumla: mahali pembamba, penye kuta za chuma na watu nyuma, ni pa kuumizwa. Farasi hatofautishi geti, ndege na trela. Kwake vyote ni tundu moja.

Ndiyo maana nawaambia wenye farasi waliodhani habari hii ni ya mabilionea wa Marekani: ni yenu. Hapa kwetu nimeona trela limeegeshwa mteremkoni, mlango wa mbele umefungwa, ndani giza tupu, na vijana wawili wamesimama nyuma na fagio. Farasi aliingia upesi, mwenye shamba akasifiwa. Safari iliyofuata farasi yuleyule hakukubali hata kulikaribia gari. Fagio lile na kitambaa kile ni uamuzi mmoja.

Kazi nzuri ya trela huanza siku nyingi kabla ya safari. Egesha mahali sawa, rampu isiyumbe, kizuizi cha kati kisogezwe nafasi iongezeke, mlango wa mbele uwe wazi mwanga upenye, kwa sababu macho ya farasi huchelewa kuzoea giza akitoka juani. Kisha kamba. Iwe ndefu, na usiizungushe mkononi. Ikaze kidogo tu, mbele, bila kumburuta na bila kumkodolea macho. Ngoja. Tazama kifua na magoti. Akihamisha uzito mbele, hata kama ukwato haujanyanyuka, legeza papo hapo. Kinachomfundisha ni kulegea kwa kamba, na kulegea kukichelewa kwa sekunde mbili tayari umemfundisha jambo jingine. Akiweka mguu mmoja juu ya rampu, usishangilie kwa kuvuta zaidi; mrudishe wewe mwenyewe chini kabla hajaomba. Farasi anayejua kwamba kutoka kunaruhusiwa haoni sababu ya kupigania kutoka. Masaisi wa zamani wa Ngong walilijua hili bila kitabu: walimlisha farasi ndani ya trela lililosimama, siku nenda siku rudi, kabla injini haijawashwa.

Na akishaingia, chuma cha nyuma kwanza, kamba ya kichwa baadaye. Wakati wa kumshusha ni kinyume chake, fungua kichwa kabla ya kufungua nyuma. Farasi aliyefungwa kichwa huku nyuma pako wazi atarudi, kamba itamkaba, atapagawa. Nimechoka kuwaona watu wazima wakikosea mpangilio huu.

Walikuwapo watu waliojua. John Rarey wa Ohio alikwenda London mwaka 1858 akamtuliza Cruiser, dume lililoogopwa hata na wafugaji wake. Mbinu yake ya kufunga mguu leo singeitetea. Lakini kanuni aliyoiandika haijazeeka: mwache farasi akione kitu, akinuse, akikague kwa namna yake, ndipo kimguse. Karne na nusu baadaye, Santa Anita ikafanya kinyume kabisa.

Aliye karibu zaidi na habari yetu ni mfundishaji farasi Monty Roberts, na farasi Lomitas. Mwaka 1991, huko Ujerumani, Lomitas aligoma vizimba hadi akapigwa marufuku kukimbia. Mkufunzi wake, Andreas Wöhler, hakuongeza watu wa kusukuma. Roberts aliitwa, akaanza na farasi huyo kutoka mwanzo, kwa kumpa nafasi ya kuingia na kutoka hadi chuma kikaacha kuwa adui. Mwaka uleule Lomitas alishinda Grosser Preis von Baden na kutajwa farasi bora wa mwaka nchini humo, na binti yake Danedream akaja kushinda mbio za Arc mwaka 2011. Roberts ndiye pia aliyetuachia lile blanketi zito linalofunika makalio ili vyuma visimguse farasi moja kwa moja, nalo hubaki getini farasi anapochomoka. Tazama tofauti: blanketi linafunika kile kinachomwogofya, kitambaa kinafunika kile kinachomtuliza. Vyote ni nguo tu, lakini kimoja kilibuniwa na mtu aliyejiuliza farasi anahisi nini.

Todd Pletcher, mkufunzi wa Quality Road, kwa haki yake, alirekebisha: alimtumia Bob Duncan, mwanzishaji mstaafu wa New York mwenye mikono ya subira, na Februari 2010 Quality Road aliingia kizimbani katika uwanja wa Gulfstream na kushinda mbio za Donn kwa urefu wa farasi 12 na robo tatu, kwa rekodi ya uwanja ya dakika 1:47.49. Wale waliomwita mtukutu hawakurudi kuandika.

Kwa hiyo kanuni ninayoitaka ni fupi. Siku ya mbio, kitambaa kisimguse farasi ambaye hajazoeshwa nacho mazoezini mbele ya mwanzishaji. Farasi anayeonyesha hofu apewe nafasi moja ya kurudi nyuma na kutulia, kisha moja ya kuingia, na akikataa aondoke kwa miguu yake. Wanaobeti warudishiwe fedha zao. Mwenye farasi atakasirika Jumamosi hiyo, na mwezi ujao atakuwa bado ana farasi anayekubali kupanda trela.