Nani huyo anayesema ‘sisi wanafunzi’?

Ni nadra wiki kupita siku hizi bila tamko la viongozi wa wanafunzi wa chuo hiki au kile kutufikia. Huja kwenye karatasi yenye nembo, limetiwa saini na mhuri, na aghalabu huanza kwa maneno yale yale: sisi wanafunzi. Karo imepanda, tunalaani. Mikopo imechelewa, tunalaani vikali. Mjadala kuhusu mfumo wa ufadhili wa vyuo vikuu uliotangazwa 2023 ulizaa matamko ya kujaza kitabu.

Nimeyasoma mengi kwa jicho la mtu wa lugha. Kasoro ninayoiona haiko katika hasira, maana hasira nyingi kati ya hizo zina haki. Kasoro iko kwenye nafsi. Kile kiambishi ‘tu-’ kinachobebeshwa maelfu ya wanafunzi mara nyingi kimetungwa na watu wawili au watatu, usiku, mmoja akichapa na wengine wakimharakisha.

Kiswahili hakitofautishi ‘sisi’ inayomjumuisha msikilizaji na ile inayomwacha nje. Kimalei hutofautisha: ‘kita’ ni mimi, wenzangu na wewe unayenisikiliza, ‘kami’ ni mimi na wenzangu, wewe ukiwa kando. Sisi tuna neno moja tu. Mwanafunzi anayesoma tamko kwenye simu yake akiwa kwenye foleni ya chakula hana namna ya kujua, kwa sarufi pekee, kama naye yumo. Atajuaje basi? Kwa kujua namna tamko lilivyopitishwa. Hapo sarufi hufika ukingoni na katiba ya chama cha wanafunzi ikaanza kazi.

Utata huu huongezwa na mazoea ya kutumia tamko, msimamo na azimio kana kwamba ni neno moja. Tamko latokana na kutamka, na kinywa kimoja chatosha. Mwenyekiti akiamka alfajiri na kukuta maji ya hosteli yamekatwa, ana haki ya kutoa tamko kabla ya chai na hakuna atakayemuuliza akidi. Azimio lahitaji kikao, na kikao chahitaji watu waliokaa. (Najua ukimtajia Mkenya azimio siku hizi atakumbuka kampeni za 2022, lakini neno lenyewe ni kongwe kuliko muungano wowote wa kisiasa.) Msimamo ndio unaotatiza wengi. Unaweza kuelezwa kwa tamko, ila hauzaliwi na tamko. Msimamo wa chama huzaliwa na azimio.

Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa kama kitabu 1962, alionyesha kwamba kuna maneno ambayo kuyasema ni kutenda: kuapa, kuahidi, kufungisha ndoa. Maneno hayo hayafui dafu bila utaratibu unaokubalika na mtu anayestahili kuyasema. Abiria yeyote anaweza kusimama kwenye matatu na kuwatangaza wawili kuwa mume na mke, lakini hakuna ndoa hapo. ‘Tunaazimia’ ni kitenzi cha namna hiyo.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mjumbe anaandika rasimu, mwingine anaiafiki, kisha inasambazwa siku kadhaa kabla ya kikao ili watu waisome wenyewe badala ya kusomewa. Rasimu nzuri ina sehemu mbili. Ya kwanza hutaja sababu, kila moja ikianza kwa ‘kwa kuwa’, na ya pili hutaja kinachoamuliwa. Kila ‘kwa kuwa’ ni dai la ukweli ambalo mjumbe yeyote anaweza kulisimamisha. Tarakimu hii umeitoa wapi? Nani alisema mikopo ilitumwa Machi? Waraka huo wa chuo tunao, au tumesikia tu? Kazi ya kweli hufanyika hapa, na hapa ndipo matamko yetu mengi huonekana matupu, maana huanza kwa hasira na kuishia kwa makataa ya saa 48.

Kisha huja marekebisho. Mmoja atataka ‘tunalaani vikali’ iwe ‘tunapinga’. Mwingine ataona ‘mara moja’ haitekelezeki, heri ‘kabla ya mitihani kuanza’. Ubishi huu huonekana wa kupoteza wakati, lakini mimi nauona kuwa somo la pragmatiki ambalo sijaweza kulifundisha vizuri darasani hata siku moja: kila neno linalobaki lina mtu aliyelitetea mbele ya wenzake. Mwishowe kura hupigwa, na kumbukumbu hutaja waliounga mkono, waliopinga na waliojizuia. Msamiati wa kazi hii upo tayari. Bunge la Taifa lina Kanuni zake za Kudumu kwa Kiswahili, na akidi, hoja ya nidhamu na marekebisho ni maneno yanayosikika kwenye redio kila wiki.

Hata wa kufanya kazi hiyo wapo. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2016 yalileta mfumo ambapo wanafunzi huchagua wajumbe, nao wajumbe huchagua baraza. Wengi waliulalamikia mfumo huo kwa kumwondolea mwanafunzi wa kawaida kura ya moja kwa moja, na malalamiko yao yana uzito. Lakini kwa niliyoyaona, wajumbe hao wakishamaliza kuchagua husahauliwa kabisa. Kuitwa wakae juu ya rasimu? Wapi!

Muhula mmoja, katibu wa chama cha wanafunzi cha chuo ambacho sitakitaja alinijia na kurasa mbili za Kiingereza. Kuna redio iliyotaka tamko lisomwe kwa Kiswahili, naye akaomba nimtafsirie. Ukurasa wa kwanza ulisema imeazimiwa na wanafunzi wote kususia masomo. Nikamuuliza ni nani aliyeazimia.

“Daktari, si hiyo ni lugha tu ya barua?”

Kikao kilikaa lini?

“Tuliongea kwa WhatsApp, watu wakasema iko sawa.”

Watu wangapi? Akacheka. “Wale huwa macho usiku.”

Nilimtafsiria kurasa zote mbili, ila kitenzi kile nilikikataa. Kiswahili kinaruhusu ‘imeazimiwa’ bila kumtaja mtenda, na kauli ya kutendwa ina kazi yake halali. Hapa ‘wanafunzi wote’ walikuwa wametajwa, tena kwa herufi nzito, lakini hakuna aliyekuwa ametenda. Tukakubaliana kwamba ‘viongozi wa chama wanapendekeza’. Hakufurahi. Alisema itasikika dhaifu. Ilisikika dhaifu kweli, na ndivyo hali ilivyokuwa.

‘Sisi’ isiyopitia kikao ina gharama yake, na kuna mifano miwili ya Dar es Salaam ambayo wanafunzi wetu wangefaa kuisoma. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu cha huko waliandamana wakiwa wamevaa majoho hadi Ikulu, kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Mbele ya Rais Nyerere walisoma tamko la Kiingereza. Lilitangaza kwamba hata wakienda kambini, nyoyo zao hazingekwenda, na kwamba uhasama baina ya wasomi na wanasiasa ungeendelea. Bango mojawapo lilidai ukoloni ulikuwa na nafuu. Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300. Alikubali jambo moja tu, kwamba mishahara ya viongozi ilikuwa mikubwa mno, akapunguza wake kwa asilimia 20.

Wanafunzi wale walikuwa na hoja ya kujibika kuhusu makato ya mishahara yao wakati wa utumishi. Ilizikwa chini ya sentensi za kujivuna. Rasimu ile ingepita mikononi mwa wajumbe hamsini wenye kalamu nyekundu, nadhani sentensi ile ya wasomi na wanasiasa isingefika Ikulu.

Miezi mitatu baadaye, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha kuanzia 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio la Arusha likatangazwa Februari 5. Siasa yake unaweza kuipinga, nami nina mengi ya kupinga. Lakini soma linavyomtaja mwenye kuazimia: chombo, mahali, tarehe. Hakuna ‘imeazimiwa’ inayoelea hewani. Wapo watakaouliza kikao cha chama kimoja kingethubutu kumkatalia Nyerere nini, na ni swali la haki. Hata hivyo, rasimu iliyotoka kwa mtu mmoja iliingia kikaoni na kutoka ikiwa ya kikao, na kila mjumbe aliyekaa pale hangeweza kusema baadaye kwamba hakuwapo.

Mfano wa pili unatugusa Wakenya zaidi. Mwaka 1971, rais wa chama cha wanafunzi cha Dar es Salaam alikuwa Mkenya, Symonds Akivaga. Alimwandikia mkuu wa chuo, Pius Msekwa, barua ya wazi ya kukosoa namna chuo kilivyoendeshwa. Julai hiyo polisi walimchukua chuoni, akarudishwa Kenya. Wenzake walisusia masomo. Jina lilikuwa lake na adhabu ikawa yake, lakini ‘sisi’ ikajitokeza kwa vitendo.

Si kila mwenyekiti hupata bahati hiyo. Kamati ya nidhamu ikianza kuita watu, wale waliokuwa ‘sisi’ kwenye karatasi hugeuka kusema ‘yeye’ kwenye ushahidi. Kijana wa miaka ishirini na mbili hujikuta peke yake mbele ya meza ndefu, akiulizwa ni nani aliyemtuma. Kumbukumbu za kikao chenye akidi haziwezi kumkinga na kila kitu. Zinaweza kumnyima mwenye meza jibu rahisi, lile la kwamba huu ni ukorofi wa mtu mmoja.

Nitaambiwa kwamba tuna kamukunji, na kamukunji inatosha. Neno hilo nalipenda sana. Uwanja wa Nairobi ulioitiwa mkutano wa Saba Saba 1990 umekuwa nomino ya kawaida vyuoni, hata makomredi wanaweza kuwa na kamukunji mbili kwa siku moja. Lakini kamukunji hupima sauti. Aliyeshika kipaza sauti huuliza, “Makomredi, tumekubali?” na mngurumo humjibu. Sijawahi kuona aya ya tatu ikirekebishwa kwa mngurumo. Aliye na shaka naye hanguruma, hunyamaza, na unyamavu wake huhesabiwa kuwa ndiyo. Kamukunji iibue hoja na kuipa nguvu. Maneno yenyewe wapewe wajumbe.

Tena kuna suala la lugha. Kamukunji huendeshwa kwa Kiswahili na Sheng, ilhali tamko hutoka kwa Kiingereza. Kati ya jioni na asubuhi pana tafsiri ambayo haikupigiwa kura. ‘Hatulipi’ ya uwanjani hugeuka ombi la uongozi kufikiria upya, au ‘tuongee nao kwanza’ ikawa makataa. Rasimu ikiandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, aliyekuwa uwanjani ataitambua kauli yake, au atasema waziwazi kwamba hakuisema. Nakala ya Kiingereza ifuate, ikitajwa kuwa tafsiri.

Sentensi ya kwanza ingeweza kuwa hivi: Baraza la wanafunzi lililoketi Jumanne katika ukumbi wa mikutano, wajumbe 41 kati ya 60 wakihudhuria, limeamua kwa kura 29 dhidi ya 10, wawili wakijizuia, kwamba karo mpya isitozwe kabla ya chuo kueleza ilivyokokotolewa. Ni ndefu, na haitoshei kwenye bango. Mhariri wa habari huenda akaikata katikati. Naibu Chansela ataisoma mara mbili, hasa akifika kwa wale kumi waliopinga.