Hakuna Anayekula "Mdudu": Hoja Yangu Dhidi ya Neno Moja



Naomba leo nilete hoja inayohusu chakula, na ndani ya chakula, neno moja tu la Kiswahili. Najua wapo watakaosema, "Huyu bwana wa Texas kaishiwa mada." Nivumilieni kidogo. Hoja inaanzia Fort Worth, ofisini kwa shule moja, na mkosaji wa kwanza ni mie mwenyewe.

Kwa wasiojua, mbali na kufundisha huwa nafanya ukalimani kwa familia za wakimbizi wa Kongo, ambazo hapa Dallas–Fort Worth na kule Houston si chache. Siku hiyo niliitwa kwa ajili ya mama mmoja wa Kivu aliyeishi miaka mingi kambini Nakivale, Uganda, kabla ya kuletwa Texas. Mwanawe wa darasa la tatu alikuwa amefungua kisanduku chake cha chakula mezani, mna wali na senene wa kukaanga. Senene wenyewe walitumwa na dada yake kutoka Kampala, yaani ni kitu cha kuringia. Basi watoto wakapiga kelele, mmoja akalia, mama akaitwa. Mwalimu, ambaye kwa kweli hakuwa na ubaya wowote, alitumia lile neno la jumla la Kiingereza, nami nikalitafsiri bila kufikiri: "Mwalimu anasema kwenye chakula cha mtoto mlikuwa na wadudu."

Mama akainamisha kichwa. Akaomba radhi. Akasema wali aliupika asubuhi ile ile, mchele aliuchambua mwenyewe, hajui hao wadudu wameingia saa ngapi. Ndipo nilipong'amua nilichokifanya, lakini kikao kilikuwa kimekwisha, mwalimu ameridhika kwamba mzazi "ameelewa". Nilivyosikia baadaye, mtoto hataki tena kubeba chakula cha nyumbani.

Sasa nawauliza nyie wana lugha: nilikosea wapi? Kikamusi sikukosea. Senene ni mdudu, ana miguu sita, na kitabu cha bayolojia cha sekondari kitanitetea. Lakini Kiswahili tunachokisema si cha bayolojia. Kwetu mdudu ni kitu kinachouma, kinachooza, kinacholeta maradhi. Tunasema wadudu wa malaria, tunasema jino limeliwa na wadudu, tunasema maharage yameingiwa na wadudu. Wahenga wakaonya kwamba dudu liumalo silipe kidole. Mtu akikwambia chakula chako kina wadudu hajataja aina ya chakula, amekutukana jiko lako.

Na kuna ushahidi mwingine wa kuchekesha. Mahali pekee ninapopajua ambapo Mtanzania atatamka kwa furaha "twende tukale mdudu" ni kwenye kitimoto! Ndiyo, ni nguruwe. Wameliazima neno hilo mitaani kwa sababu ya utani wa uharamu wake. Anayekula senene Bukoba hasemi anakula mdudu. Anasema anakula senene.

Lugha yetu yenyewe ilishaliona jambo hili zamani. Tazameni kumbikumbi na mchwa. Ni kiumbe wa kichuguu kimoja. Yule anayetafuna nguzo za nyumba na vitabu vyetu tunamwita mchwa, na yule anayetoka na mbawa baada ya mvua, tukamkimbilia na beseni, tunamwita kumbikumbi. Mzee wa Kakamega au Siaya atakupa na majina mengine kwa lugha ya kwao. Anayeliwa ana jina lake, haitwi kwa jina la adui.

Nikiwa na dukuduku hilo nikarudi kuisoma upya ripoti ambayo wengi wetu tunaitaja bila kuisoma, ile ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, iliyotoka Roma mwaka 2013, mwandishi wake mkuu akiwa Arnold van Huis wa Wageningen, Uholanzi. Niseme kwanza mazuri yake, maana haki lazima itendeke. Iliorodhesha zaidi ya spishi 1,900 zinazoliwa duniani: mbawakawa asilimia 31, viwavi asilimia 18, nyuki, nyigu na sisimizi asilimia 14, panzi, nzige na nyenje asilimia 13. Ilieleza kwamba kilo 2 za lishe zinaweza kutoa kilo 1 ya wadudu, wakati ng'ombe anahitaji kilo 8 ili aongeze kilo 1 ya uzito. Iliondoa aibu nyingi. Kabla yake, msomi wa Kiafrika aliyetaja viwavi kwenye semina alikuwa anachekwa.

Lakini iliandikwa kwa ajili ya nani? Mie naona inazungumza zaidi na yule asiyekula. Inahangaika na kinyaa cha Mzungu, inatafuta namna ya kumshawishi, na hesabu zake ni za protini na hewa ukaa. Sisi tunaokula tumo humo kama idadi. Watu bilioni 2, ilisema, na magazeti ya dunia nzima yakairudia kama kasuku. Van Huis na wenzake walirudi wenyewe mwaka 2022 kuihoji takwimu hiyo, wakiuliza kama kweli wanafika bilioni 2. Nawaheshimu kwa hilo. Ila angalieni ilivyodumu karibu miaka kumi bila kushtukiwa. Ukishawaweka mla senene wa Masaka, mla mbinzo wa Kinshasa na mla nzige wa Arabuni katika kapu moja liitwalo "wadudu", kuwahesabu kunaonekana rahisi, kumbe hujamhesabu yeyote.

Kapu hilo linaficha mambo. Ripoti za namna hii husomwa kana kwamba hiki ni chakula cha kuwaokoa maskini. Jamani! Nani kati yenu amenunua senene Kampala au Bukoba akaona ni chakula cha maskini? Mara nyingi kilo yake inaipita ya nyama ya ng'ombe. Ni chakula cha msimu, kinachongojwa, hata Waganda wakauita mwezi wa Novemba Musenene. Wanao ukoo wa Nsenene, ambao kwa kuwa senene ndiye mwiko wao hawamli. Siku hizi wanakamatwa kwa mataa makali, mabati na mapipa usiku kucha, biashara yenye mtaji na gharama za umeme.

Na msidhani nawapaka mafuta watu wa nyumbani. Mwaka 1958 P. O. Mors alichapisha makala kuhusu chakula hiki Buhaya. Desturi ya zamani huko, kama ilivyokuwa Buganda, iliwataka wanawake wawakamate, wawachambue na kuwapika, halafu wale wanaume. Mwanamke hakuruhusiwa. Mambo kama haya huyaoni katika jedwali la protini. Hata Mors, katika kichwa cha makala yake, aliwaita senene kwa neno la Kiingereza la panzi. Senene si panzi. Tazama papasi zake, ni ndefu kupita mwili, na kwa nasaba yuko karibu zaidi na nyenje. Mla senene yeyote angemsahihisha.

Kosa hili ni la zamani, na hapa Texas lina historia. Novemba 1528 Wahispania wa Cabeza de Vaca walitupwa na bahari kwenye kisiwa kilicho Galveston au jirani yake, mwendo mfupi tu kutoka Houston ya leo. Pamoja nao alikuwamo Mwafrika mtumwa, Estevanico wa Azemmour, Morocco, ambaye angekuwa miongoni mwa wanne tu walionusurika hadi mwisho. Katika kitabu chake cha 1542 Cabeza de Vaca aliandika kwamba wenyeji wa pwani hii walikula buibui, mayai ya sisimizi na minyoo kwa sababu ya njaa. Inawezekana njaa ilikuwapo kweli. Lakini hakutuachia majina waliyoviita vyakula hivyo kwa ndimi zao, na sasa hatuna wa kumuuliza. Limebaki neno la mgeni, na ndani yake njaa tu.

Wiki kadhaa baada ya mkasa wa Fort Worth nilishuka Houston kwa I-45, saa nne za usukani, rafiki yangu mmoja akanipeleka Xochi, mkahawa wa mapishi ya Oaxaca uliofunguliwa 2017 na Hugo Ortega. Huyu bwana alifika Houston kutoka Mexico mwaka 1984, akaanza kwa kuosha vyombo mkahawani, na mwaka 2017 akapata tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa Kusini-Magharibi. Kwake wanaitwa chapulines, jina lenye asili ya Kinahuatl, na hakuna aliyejisumbua kuligeuza. Wazungu waliokaa meza ya pili walimuuliza mhudumu chapulines ni nini, akawaeleza, wakaonja. Wana chumvi, ndimu na vitunguu saumu, wanakwaruza ulimi kidogo. Senene wetu ana mafuta zaidi, na nitasimama mahakamani kusema ni mtamu zaidi!

Linganisheni na njia nyingine. Mwaka huo huo wa 2013 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha McGill walishinda tuzo ya Hult ya dola milioni 1 kwa mradi wa kufuga wadudu wa kuliwa, wakaanzisha Aspire, ambao baadaye walifuga nyenje Austin, humu humu Texas, na kuwasaga unga. Ni kazi ya ubunifu, siibezi. Lakini unga ni njia ya kumficha nyenje ndani ya biskuti ili asionekane. Ortega alimleta mezani na miguu yake na jina lake, na foleni ilikuwapo.

Halafu Mtexas huyu huyu, ikifika majira ya kuchipua, anamwaga mezani kilo za kamba wa matope wa Louisiana, anawavunja vichwa na kuvinyonya. Wavietnamu wa Houston wamewaongezea siagi na vitunguu saumu, na ni watamu kupindukia. Ni jamii ile ile iliyopandikizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970. Kwa utani wenyewe huwaita wadudu wa matope, na hakuna mtoto anayelia. Kwa nini? Kwa sababu wana jina lao la kweli, na utani ni wao wenyewe.

Najua atatokea ndugu wa sayansi aseme: neno la jumla linahitajika. Nakubali. Mwenye mzio wa kamba au kaa anaweza kudhurika akila senene, kwa kuwa protini inayoleta mzio huo imo kwa wote. Hili ni la uhai na kifo, na mwalimu wa shule ana haki ya kujua kilichomo kisandukuni. Lakini hapo ndipo neno "wadudu" linaposhindwa kabisa! Ukimwuliza mama wa Kivu kwenye fomu, "Je, mtoto wako hula wadudu?" atajibu hapana, tena kwa hasira, na atakuwa amesema kweli yake. Ukimwuliza, "Je, mtoto ana mzio wa kamba, kaa, senene, kumbikumbi au viwavi?" utapata jibu la kumsaidia daktari.

Kwa hiyo pendekezo langu kwenu mnaotafsiri fomu za shule, vipeperushi vya hospitali na ripoti za mashirika ni dogo: panapohusu chakula, tajeni jina. Kama hulijui, muulize mwenye chakula kabla hujafungua mdomo. "Wadudu wanaolika" liacheni kwenye jedwali la mwanasayansi, msilipeleke mezani kwa mtu.

Nilirudi kwa yule mama kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, akanicheka sana. "Papa," akaniambia, "ungelisema tu senene. Mwalimu angeuliza senene ni nini, na mimi ningelimwonjesha."

Nimelifikiria jibu hilo tangu siku ile. Kisanduku cha mtoto bado kinabaki nyumbani, na sijui nitalirekebishaje hilo.

Naomba kuwasilisha. Na wenye majina ya kwao, ya kumbikumbi, viwavi au chochote, wayalete hapa pamoja na namna ya kupika. Tuanze orodha yetu wenyewe.

Wasalaam.