Pikipiki na Nafsi ya Kwanza: Tathmini ya Jupiter's Travels ya Ted Simon

Utanzu wa masimulizi ya safari haujashughulikiwa vya kutosha na wahakiki wa Kiswahili, ilhali ni miongoni mwa tanzu kongwe za nathari yetu iliyopigwa chapa. Ndiyo maana Jupiter's Travels (1979) huchukuliwa kirahisi kuwa kitabu cha wapenda pikipiki tu. Makala haya yanadai kwamba ubora wake, na kasoro yake kubwa pia, vimo katika fani.

Simon, mwandishi wa magazeti, aliondoka London tarehe 6 Oktoba 1973, siku ile ile vita vilipozuka baina ya Israeli na majirani zake, Misri na Syria. Chombo chake kilikuwa Triumph ya sentimita za ujazo 500. Alishika njia ya kusini: Tunisia, Libya, Misri, Sudan, Ethiopia, Kenya na hatimaye Cape Town, kabla ya kuvuka bahari na kuendelea kuizunguka dunia. Safari nzima ilichukua miaka 4.

Mzungu aingiaye Afrika kutoka kaskazini si mhusika mgeni, na aghalabu huzaa vitabu vya majigambo. Waliotangulia walikuja na misururu ya wapagazi. Waliowafuata walikuja na magari yenye vioo. Mpanda pikipiki hana kioo. Joto na vumbi humfikia moja kwa moja, na mchanga wa Sudan ukimwangusha hawezi kujifanya hakuanguka. Hapo chombo kinageuka nyenzo ya usimulizi: kikiharibika, msafiri husimama, akisimama, humhitaji mwenyeji. Ploti inasukumwa na uhitaji, wala si ushujaa. Hata jina la kitabu lilitokana na mtabiri mmoja wa India aliyemwambia kwamba yeye ni Jupiter.

Lakini fani hiyo hiyo haimruhusu mhusika yeyote kukomaa isipokuwa msimulizi. Mwenyeji anatokea, anatoa maji au kivuli, kisha anabaki nyuma ya vumbi akiwa bapa kama alivyotokea. Yeye alimwonaje mgeni huyu na dude lake? Nafsi ya kwanza imelifungia swali hilo nje.

Linganisho na Salim bin Abakari linafaa hapa. Mngazija huyu alisafiri mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia akiwa mtumishi wa Mjerumani, na simulizi lake limo katika Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa Velten wa 1901. Alitoka kwenye joto akaingia kwenye baridi, kinyume cha Simon. Wala njia hakuichagua yeye. Mtu mweusi katika Siberia ya wakati ule alikuwa kioja, hivyo msimulizi anatazama huku akitazamwa. Simon naye ni kioja vijijini, ila ana uwezo wa kuwasha mashine na kuyakimbia macho hayo. Salim hakuwa na mashine.

Mwaka 2001, akikaribia umri wa miaka 70, Simon aliifuata tena njia ile, na nchini Kenya akavunjika mguu. Dreaming of Jupiter (2007), kitabu kilichotokana na marudio hayo, kinawapa baadhi ya wenyeji kile walichonyimwa mwanzoni, yaani wakati uliopita. Sauti, hata hivyo, imebaki ile ile ya mpita njia.