Nani Aliyekuwa Akiendesha? Uhakiki wa Istilahi za Madai ya Ajali za Magari ya Umeme Yenye Mitambo Saidizi

Kazi ya istilahi ni kukitaja kitu kama kilivyo, bila kukipunja wala kukizidishia. Kanuni hii huonekana nyepesi mpaka siku neno linapoingia mahakamani. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki maneno yanayotumika katika habari na tafsiri za Kiswahili kuhusu madai yanayofuata ajali za magari ya umeme yenye mitambo ya kumsaidia dereva. Madai hayo kwa sasa husikilizwa zaidi katika mahakama za Marekani, lakini maneno yake yamekwisha kuingia katika lugha yetu. Hoja yetu ni moja tu: mengi ya maneno hayo hukata shauri kabla ya mahakama kulikata.

1. Shauri la Florida

Na tuanze na mfano ulio wazi. Tarehe 25 Aprili 2019, huko Key Largo katika jimbo la Florida, gari la umeme aina ya Tesla Model S lilipita njia panda bila kusimama, likagonga gari jingine lililokuwa limeegeshwa. Msichana mmoja aliyekuwa amesimama kando yake alifariki, na mwenzake akaumia vibaya. Mtambo uitwao Autopilot ulikuwa umewashwa. Dereva naye alikuwa ameinama kuitafuta simu yake iliyoanguka, huku mguu wake ukikanyaga kichapuzi.

Shauri lilifika katika mahakama ya shirikisho mjini Miami, na uamuzi ukatolewa mwezi Agosti 2025. Lawama iligawanywa: dereva asilimia 67, kampuni asilimia 33. Madhara yalikadiriwa kuwa dola milioni 129. Sehemu ya kampuni ikawa kama dola milioni 42.6. Juu ya hizo kampuni iliamriwa kulipa dola milioni 200 nyingine kwa ajili ya kuiadhibu. Kampuni ilitangaza kuwa itakata rufaa. Lakini mashauri ya namna hii hayana mwisho mmoja: mwaka 2023, katika mashauri mawili yaliyosikilizwa California, mwezi Aprili na mwezi Oktoba, kampuni hiyo hiyo ilishinda.

Msomaji aizingatie hesabu ile ya 67 na 33. Swali zima la shauri lilikuwa ni hili: ni nani aliyekuwa akiendesha, na ni nani aliyemfanya dereva adhani kuwa anaweza kuinama? Je, Kiswahili chetu kinaliacha swali hilo wazi?

2. Kitenzi "kujiendesha"

Jibu ni kwamba hakiliachi. Neno lililoenea ni "gari linalojiendesha", na wengine huongeza "lenyewe" kwa kutilia mkazo. Tukilichambua tutaona kwamba "endesha" ni kufanya kitu kiende, na kiambishi "-ji-" humfanya mtenda na mtendwa kuwa mmoja. Mlango unaojifunga hauhitaji bawabu. Shirika likiambiwa lijiendeshe, maana yake lisitegemee ruzuku ya mtu. Kwa hiyo anayesema "gari lililokuwa likijiendesha liligonga" amekwisha kumwondoa dereva katika sentensi, na kwa kumwondoa humo amemwondolea lawama. Na anayesema "dereva aligonga" bila kuutaja mtambo, amemsamehe mtengenezaji. Wote wawili wametoa hukumu, na wote wawili hawakuwa na mamlaka ya kuitoa.

Wahandisi wenyewe hawachanganyi mambo haya. Chama chao cha kimataifa, SAE, kiliweka mwaka 2014 ngazi sita, kuanzia 0 hadi 5. Katika ngazi ya 2 mtambo hushika usukani na kurekebisha mwendo kwa pamoja, lakini dereva hana budi kuangalia njia wakati wote. Katika ngazi ya 3 mtambo huendesha katika hali maalumu, na dereva sharti awe tayari kuupokea usukani aombwapo. Kuanzia ngazi ya 4 mtambo haumhitaji mtu wa kuupokea, maadamu uko katika mipaka yake. Autopilot ni mtambo wa ngazi ya 2. Magari ya umeme ya Waymo, yanayobeba abiria katika miji ya Phoenix na San Francisco pasipo mtu kwenye usukani, yako ngazi ya 4.

Basi neno "kujiendesha" si baya. Limewekwa mahali pasipo pake. Litumike kuanzia ngazi ya 4. Kwa ngazi ya 2 tunapendekeza "mtambo saidizi wa udereva", na kwa ngazi ya 3 "uendeshaji wa kupokezana", kwa kuwa hapo ndipo usukani huenda na kurudi kati ya mtu na mtambo.

3. Rubani na utingo

Wapo waliojaribu kulifasiri jina la Autopilot kwa kutumia neno "rubani". Tunaonelea kuwa jina la biashara liachwe lilivyo, kisha lifuatwe na maelezo. Hata hivyo jaribio hilo lina funzo. Zamani katika pwani yetu, rubani alikuwa mwongozaji wa kupitisha chombo penye miamba, na nahodha akabaki kuwa mwenye amri. Lakini kwa msomaji wa leo rubani ni mwenye kurusha ndege, naye ndiye bwana wa safari. Kwa hiyo neno lile lile lililomaanisha msaidizi sasa humaanisha mkuu, na mfasiri akilitumia hajui ni maana ipi itakayomfikia msomaji.

Kama tunatafuta mfano wa nyumbani, tunaye utingo. Utingo humwongoza dereva anaporudisha lori nyuma, humwambia njia ni nyeupe, huweka kigingi chini ya gurudumu. Lori likigonga ukuta, dereva hawezi kujitetea kwa kusema kuwa utingo ndiye aliyeendesha. Lakini ikiwa mwenye lori alimwambia dereva kwamba utingo huyu hakosei wala hasinzii, na haikuwa kweli, basi mwenye lori naye ana la kujibu. Kwa mfano huu mwanafunzi ataelewa maana ya kugawana lawama upesi kuliko kwa fasili ndefu.

Wenzetu wa nje wamekwisha kuona kuwa jina ni jambo la sheria. California ilitunga sheria mwaka 2022 ya kuwakataza watengenezaji na wauzaji kuyaita magari yenye mitambo saidizi kwa majina yanayomfanya mnunuzi aamini kuwa yanajiendesha. Uingereza nayo, katika sheria yake ya mwaka 2024 kuhusu magari ya namna hii, imempa waziri uwezo wa kutaja maneno ambayo yatatumika kwa magari yaliyoidhinishwa tu. Nchi zinapotunga sheria juu ya maneno, sisi watu wa maneno hatuna udhuru wa kuyatumia ovyo.

4. Ajali, fidia na wito

Maneno matatu zaidi yanastahili kuangaliwa.

La kwanza ni "ajali". Asili yake ni Kiarabu, kwa maana ya muda uliokadiriwa, na harufu ya majaliwa haijalitoka: twasema ajali haina kinga. Lakini mdai huja mahakamani kusema kinyume, kwamba kinga ilikuwapo na haikutumiwa. Hatusemi neno hili liachwe, maana ndilo la polisi na la watu wote. Twasema kwamba katika hati ya madai, ambapo chanzo ndicho kinachobishaniwa, "mgongano" ni neno lisiloegemea upande.

La pili ni "fidia". Taarifa zilizosema kuwa kampuni iliamriwa kulipa fidia ya dola milioni 243 zilijumlisha vitu viwili. Fidia hurudisha kilichopotea. Kile kingine hutiwa juu yake ili kumtia adabu mkosaji na kuwaonya wengine. Kuziita zote fidia ni kuuficha uzito wa uamuzi. Tunapendekeza "fidia" kwa zile milioni 42.6, na "malipo ya kuadhibu" kwa zile milioni 200. Hapa pia tukumbushe kuwa katika shauri la madai hakuna mshtaki wala mshtakiwa, bali mdai na mdaiwa. Wala raia walioamua shauri la Miami wasiitwe "wazee wa baraza", kwa kuwa katika desturi ya sheria zetu maoni ya wazee hayamfungi jaji. Waitwe "jopo la raia waamuzi".

La tatu ni "kurudishwa" kwa magari. Mwezi Desemba 2023, baada ya uchunguzi wa idara ya usalama barabarani ya Marekani, Tesla ilitangaza marekebisho ya magari zaidi ya milioni mbili, na ikaandikwa kuwa magari yamerudishwa kiwandani. Hakuna lililorudi. Programu mpya ilitumwa kwa njia ya mawasiliano hadi garini. Istilahi iwe "wito wa marekebisho", kwani itafaa kwa gari lililoitwa karakana na kwa lililorekebishwa uani kwa mwenyewe.

5. Neno kwa wafasiri

Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, kitabu cha maelekezo ya gari kilichofasiriwa kinaweza siku moja kuwekwa mezani kwa jaji kama kielelezo. Moja ya madai ya kawaida katika mashauri haya ni kwamba mtengenezaji hakutoa tahadhari ya kutosha. Tuseme matini ya asili inaamuru mikono isitoke kwenye usukani, na mfasiri, kwa kupenda upole, akaandika "dereva anashauriwa kushika usukani". Amri imegeuka kuwa nasaha. Mtengenezaji atasema aliamuru. Dereva atasema alishauriwa tu. Na tofauti kati yao itakuwa ni kitenzi kimoja cha mfasiri. Panapoamriwa na aandike "lazima" au "ni marufuku", bila haya.

Tunayaleta mapendekezo haya kwa walimu, wafasiri na watumishi wa serikali ili yajadiliwe, na yaliyo dhaifu yasahihishwe. Tunachosisitiza ni kwamba mwandishi anapofika kwenye kitenzi "endesha", asimame ajiulize nani mtenda. Ikiwa bado mahakama haijasema, basi naye asiseme, na aandike: "gari, likiwa na mtambo saidizi uliowashwa na dereva akiwa kwenye usukani, liligonga." Sentensi hiyo ni ndefu kidogo, lakini haimwonei mtu.